Nani Mwingine Ameona?

Yuko hai. Naandika haya akiwa hai, na ni kwa makusudi, ili kesho asije mtu akasema nilingoja azikwe ndipo nifungue mdomo. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, alisomeshwa na nani, hayo waulizwe wanaompenda, kama wapo. Mimi nilimjua kwa miaka tisa kwa jina la kazi yake, Mkutubi, na katika miaka hiyo tisa sikupata asubuhi hata moja ya kumpenda. Nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili alinikatiza nikiwa katikati ya sentensi.

Kwanza niseme alikuwa akilinda nini. Maktaba yake haikuwa na rafu wala harufu ya karatasi. Ilikuwa kwenye mtandao. Yeyote aliyefanya kazi ya afya au kuisomea huku kwetu, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, aliweza kuifungua kwenye simu akakuta masomo, miongozo ya matibabu, na masimulizi ya wagonjwa waliotushinda na wale walioponea chupuchupu. Tuliiita Maktaba ya Pamoja, na hilo neno pamoja ndilo lililoleta balaa. Muuguzi, afisa wa kliniki, mtu wa maabara, mfamasia, mtaalamu wa lishe, mhudumu wa afya wa kijijini, wote waandike mahali pamoja na wasomane. Wazo zuri, silikatai. Lakini mlangoni wakamweka yeye, naye akaweka sharti lake: hakuna kitu kinachoingia mpaka kisomwe na watu wa kada tatu, na kila mmoja atie sahihi. Ukimpelekea kazi, hata uwe umeihangaikia mwezi mzima, hakujali kukujulia hali. Aliuliza swali moja tu.

“Nani mwingine ameona?”

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za mama yangu mzazi.

Ofisi yake ilikuwa chuoni, mjini Kitui, chumba kilichobanana na stoo ya vitanda vibovu. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili, kiti kimoja cha mgeni kisichokuwa na egemeo, na feni aliyoielekeza usoni kwake mwenyewe. Hata jua liwake vipi alivaa sweta ya kijivu. Saa saba kamili alifungua kopo lake la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akageuza kiti akaupa mlango mgongo, akala. Ungeweza kusimama pale umetoka Mwingi na vumbi lako lote, hakugeuka. Alimaliza, akafunga kopo, akafuta kijiko, ndipo akawa amekuona.

Na huyu hakuwa daktari. Hilo ndilo lililotukereketa wengi wetu. Hakuwahi kupima hata joto la mgonjwa. Alikuwa mtu wa vitabu, basi, tena aliogopa damu kama mtoto. Mwaka wa kwanza alikuja hospitali yetu kutufundisha namna ya kuingia Maktaba. Akapita mlango wa chumba cha kufunga vidonda wakati mwenzangu anabadilisha bendeji ya mguu. Nilimwona akiteleza kwenye ukuta polepole hadi chini, macho yamegeuka, mfuko wa kompyuta bado ameukumbatia. Tukamlaza, tukampima presha, tukampa maji ya sukari. Alipozinduka neno lake la kwanza halikuwa asante.

“Hiyo presha nani mwingine ameona?”

Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Nilijiuliza mtu anayezimia kwa kuona kidonda ana haki gani ya kumrudishia karatasi mtu anayevisafisha vidonda hivyo kila siku.

Jina la mtu hakulitumia. Alituita kwa kada zetu. “Nursing, kaa hapo. Lab, sogea. Clinical, funga simu.” Kwenye mikutano yake ilikuwa mwiko wauguzi wawili kukaa jirani. Alibeba viti mwenyewe, akavipanga upya, akakukuta umekaa na rafiki yako akasimama mbele yako kimya mpaka ukahama. Siku moja nilikataa. Nilimwambia nimefanya zamu tangu alfajiri na ninataka kukaa na mwenzangu ninayemjua. Akabaki amesimama. Watu ishirini wakinitazama, na yeye mikono kifuani, sweta imefungwa vifungo hadi shingoni. Mwishowe nikainuka, lakini badala ya kuhamia kiti kingine nikatoka nje kabisa, nikapanda gari nikarudi Mwingi. Alinitumia ujumbe jioni: mkutano ujao ni tarehe fulani, njoo na mtu wa maabara.

Mtu wa maabara! Nitafika hapo.

Nisije nikaambiwa ninasema uongo wa nusu, acha nitoe na yale wanayomsifia. Kulikuwa na daktari mmoja mkubwa aliyeleta somo refu kuhusu vidonda vya miguu kwa wagonjwa wa sukari. Limeandikwa vizuri, picha za rangi, kila kitu. Mkutubi akalikataa. Sahihi mbili zilikuwepo, zote za madaktari. Daktari akaja juu, akauliza anataka nani tena, mpishi? Mkutubi akasema mpishi si vibaya. Akamchukua huyo daktari hadi jikoni chuoni, akamsomea mama wa jikoni ukurasa mmoja kwa sauti, Kiswahili cha kawaida. Yule mama, ambaye dada yake alikuwa na sukari, akasikiliza huku anachambua maharagwe.

“Sasa mnasema avae viatu vimefungwa,” akasema. “Huyu mgonjwa wenu ni wa wapi? Dada yangu anavaa akala, ile ya tairi, anaenda shamba nayo, anaenda kanisa nayo. Mbona hamjaandika akala?”

Ni kweli, neno akala halikuwamo hata mara moja. Daktari aliondoka amevimba, lakini wiki iliyofuata somo likarudi na picha ya akala na namna ya kukagua mguu kila jioni baada ya kuivua. Somo hilo limesomwa sana. Mkutubi hakumpongeza daktari, na mama wa jikoni aliambiwa tu atie sahihi. Jina lake liko pale hadi leo, chini ya la daktari, kwa maandishi ya ukubwa uleule.

Jingine wanalomsifia ni safari zake. Kuna zahanati moja kaskazini ya Mwingi ambako mtandao haufiki, na muuguzi wake alikuwa peke yake kwa miaka. Mkutubi aliinakili Maktaba nzima kwenye flashi, akaipeleka mwenyewe, akarudi kila baada ya miezi kadhaa na mapya. Huyo muuguzi alinisimulia kwa machozi machoni. Nikamwuliza kama Mkutubi amewahi kumwita kwa jina lake. Akafikiri. Akasema hapana, huniita Nursing. Nikamwambia basi.

Mtu wa kusafiri siku nzima kwenye vumbi kwa ajili ya muuguzi mmoja, na hawezi kumwambia habari yako dada. Sijui alikuwa ameundwa vipi.

Sasa yangu. Nilikuwa nimefanya kazi Mwingi zaidi ya miaka kumi, na huko watu huumwa na nyoka zaidi kuliko wanavyoumwa na meno. Wachungaji, akina mama wa kuni, wafanyabiashara wa mbuzi wanaolala na mifugo wakingoja lori. Nilikuwa nimewaona wakija na jiwe jeusi limefungwa kwenye jeraha, wengine na kamba imekaza mkono hadi umekuwa wa buluu. Wauguzi wapya hawakujua waanzie wapi. Nikaandika mwongozo, kurasa mbili: usifunge kamba, usikate, usinyonye, mlaze mgonjwa, tazama uvimbe, na jinsi ya kujua kama sumu imeharibu damu. Hii ya mwisho ni kipimo rahisi. Unatoa damu kidogo, unaiweka kwenye kichupa, unaiacha dakika ishirini bila kuigusa, kisha unainamisha. Ikiwa imeganda, vizuri. Ikitiririka kama maji, sumu inafanya kazi, na ndipo unaichukua ile dawa ya kuzima sumu ambayo vituo vyetu huwa na dozi moja, au havina kabisa.

Nilijivunia kurasa zile, sioni haya kusema. Miaka yote nilikuwa nimewaona wauguzi wakiandika na madaktari wakitia sahihi. Hii ilikuwa yangu. Nilitaka jina la muuguzi lisimame peke yake juu ya karatasi, bila mwanamume yeyote wa koti jeupe kuliegemea.

Nikaipeleka Kitui. Nikangoja amalize muthokoi. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

“Nani mwingine ameona?”

“Mfamasia ameona. Na mimi.”

“Hii ya damu. Lab ameona?”

“Hiki kipimo hata hakifanywi maabara,” nikamwambia. “Kinafanywa kando ya kitanda. Nimekifanya mara nyingi.”

“Pelekea Lab.”

“Unajua wewe mwenyewe hujui unachokataa?”

“Najua,” akasema. “Ndiyo maana nasema pelekea Lab.”

Akanirudishia karatasi zangu na kugeukia feni yake.

Maabara ya hospitali yetu ilikuwa hatua thelathini kutoka wodi yangu, ng'ambo ya ua. Nilizihesabu baadaye, nilipokuwa sina usingizi wala la kufanya ila kuhesabu. Ndani yake alikuwa bwana mmoja tuliyekuwa tumekosana. Alikuwa ameninyanyasa mara tatu mbele ya jamaa za wagonjwa, akirudisha damu niliyoipeleka eti lebo imekaa upande, eti kiasi hakitoshi. Mara ya tatu niliapa sitakanyaga tena mlango wake, na nilikuwa nimekitunza kiapo changu mwaka mzima. Sampuli zilipelekwa na wengine. Sasa nimpelekee yeye kurasa zangu, nimwombe sahihi? Afadhali ningezimeza.

Nikazipiga picha, nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi wa Kitui na Makueni. Kufikia jioni zilikuwa zimesambaa. Nilipata pongezi mpaka simu ikaisha chaji. Mwenzangu mmoja wa Tawa alizichapisha akazibandika ukutani. Nilisema moyoni, mwambieni Mkutubi aje ahesabu sahihi.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja akanipigia muuguzi wa kituo cha afya kimoja huko ndani ndani. Mfanyabiashara wa mbuzi, mzee wa watu kutoka upande wa Garissa, alikuwa ameumwa mguuni. Muuguzi amefuata mwongozo wangu hatua kwa hatua, damu haikuganda, amempa dozi nzima. Mzee alivimba uso na kukosa pumzi kwa sababu ya dawa yenyewe, wakamwokoa kwa shida, lakini sasa anaendelea vizuri. Muuguzi alinishukuru sana. Nilimwambia umefanya kazi nzuri sana, sista.

Siku mbili baadaye kituo hicho kikaletewa mama aliyeumwa akiokota kuni. Fizi zilikuwa zikitoka damu. Dozi haikuwepo. Walimweka kwenye gari kuja kwetu, na kwetu pia ilikuwa imeisha, tukamkimbiza Kitui. Nilikuwa naye kwenye gari hilo. Aliniuliza kwa Kikamba kama nyumbani wameshafungua mbuzi. Alikufa siku ya pili. Alikuwa na watoto wawili, mkubwa akiwa darasa la tano wakati huo.

Kikao cha kuchunguza kilifanyika kwetu Mwingi. Mkutubi alikuja na kalamu yake. Yule bwana wa maabara naye aliitwa. Aliusoma mwongozo wangu mara moja tu, kisha akamgeukia yule muuguzi wa kituo, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakuwa na ubaya.

“Dada, hicho kichupa kilikuwa cha plastiki ama kioo?”

“Kioo. Tulikuwa nacho kimoja.”

“Mliosha?”

“Tuliosha. Si imeandikwa?”

“Mliosha na nini?”

“Sabuni. Tukasuuza, tukaanika. Kama vile sista ameandika.”

Bwana wa maabara akaweka karatasi mezani. Akaeleza kwamba damu huganda kwa kugusana na kioo chenyewe. Plastiki haifai. Na kioo kilichooshwa kwa sabuni nacho hakifai, hata ukisuuze namna gani, damu nzuri kabisa itakaa humo iwe maji. Lazima kiwe kipya na kikavu. Mzee wa mbuzi huenda hakuhitaji dawa ile hata kidogo. Mwanafunzi wa maabara wa mwaka wa kwanza anajua hilo, akasema, lakini muuguzi atalijuaje? Sisi wauguzi tumelelewa kuosha. Kitu kisafi kwetu ni kilichopita kwenye sabuni. Niliandika kwa mkono wangu: kichupa kioshwe vizuri kwa sabuni.

Hatua thelathini. Angeniambia kwa dakika moja.

Ningekuwa naandika habari za mtu mwema, hapa ningesema Mkutubi alikuja akanishika bega. Hakunishika. Alikunja daftari akaenda. Wiki iliyofuata mwongozo wangu ukaonekana Maktaba kwa mara ya kwanza. Ule ule, kurasa zangu mbili, mstari wa sabuni umezungushiwa rangi nyekundu, na juu yake: mwongozo huu ulikosea, na mtu alikufa. Chini yake maelezo ya maabara, sahihi ya maabara, ya mfamasia, ya afisa wa kliniki. Na pale penye mwandishi, jina langu, yote matatu.

Nilikwenda Kitui siku iyo hiyo. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na alikuwa ameupa mlango mgongo. Sikungoja. Nilizunguka meza, nikalichukua lile kopo la muthokoi, nikaliweka juu ya kabati.

“Toa jina langu.”

“Haitolewi.”

“Kosa liache. Maelezo yaache. Nimekuambia utoe jina.”

“Si wewe uliandika?”

“Mimi niko na watoto! Wanafunzi wa chuo hiki wananijua. Unataka nizikwe na hiyo kitu?”

“Nursing,” akasema, “kitu ikiingia Maktaba haifutwi.”

“Mimi sikuiingiza! Wewe ndiye uliiingiza!”

Alitazama kopo lake juu ya kabati, hakunyoosha mkono kulichukua, na lilikuwa bado huko juu nilipoondoka. Nilimwandikia mkuu wa chuo, nikawaandikia wa kaunti. Nilijibiwa kwa adabu kwamba mambo ya Maktaba yako mikononi mwa Mkutubi. Nikaomba uhamisho. Nikapelekwa Kibwezi, upande wa pili kabisa, kwenye joto na malori ya barabara ya Mombasa, mahali ambapo sikuwa najulikana na mtu.

Lakini wanafunzi huenda popote, na simu huenda nao. Kila kundi jipya lililokuja kwetu kwa mafunzo nililitazama machoni kujua nani ameusoma ukurasa ule. Niliacha kuvaa kibandiko cha jina. Nilisema pini imevunjika. Nikawa sista tu. Mtu akiniuliza nilifanya kazi wapi kabla, nilisema Kitui, nikabadilisha maneno. Nilikuwa nikiufungua ule ukurasa mara kwa mara, nione kama amelainika. Idadi ya waliousoma ilizidi kupanda. Nilimchukia kwa kila mmoja wao. Na usinielewe vibaya, yule mama wa kuni nilimlilia na bado namlilia. Lakini naye Mkutubi alininyima hata hilo, kumlilia kwa siri kama watu wengine.

Nilisikia amestaafu. Sikujua amenunua shamba dogo karibu na Kibwezi, analima matikiti kwa maji ya mto. Nilijua siku aliyoletwa.

Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi uliopita. Jirani yake alimleta na bodaboda, amekalishwa katikati kama gunia. Sweta ya kijivu, sleevu moja imekatwa kwa kisu. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi kiwikoni, unang'aa. Alikuwa ameinua tikiti akakutana na nyoka chini yake, na nyoka akaponyoka majanini kabla hajatambuliwa ni wa aina gani. Aliponiona alinitambua mara moja. Nami nilimtambua hata kabla bodaboda haijasimama.

“Nursing,” akasema.

“Lala hapo,” nikamwambia.

Tulikuwa na afisa wa kliniki mpya, binti aliyemaliza chuo juzi, wiki yake ya pili kwetu. Alimkagua haraka na vizuri. Mkutubi alipoona sindano alifumba macho akageukia ukuta, jasho likimtoka. Binti akatoa damu, akanyoosha mkono bila kuangalia, na mwanafunzi aliyekuwa karibu akampa kichupa kutoka kwenye trei ya vilivyooshwa.

“Hii imeoshwa? Hapana, hapana. Tupa hiyo. Nataka ya kioo, mpya, haijawahi ona sabuni.” Akaletewa. Akamimina, akakiweka dirishani, akatazama saa. “Dakika ishirini. Mtu asiguse. Sista, tafadhali kaa na mzee.”

Akaenda kwa wagonjwa wengine. Nikabaki naye. Dawa ilikuwepo kwenye friji, dozi moja, na dakika ishirini za kuamua ni yake au ya mwingine.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia kwa miaka mingi, mazuri, makali, na sasa amelala mbele yangu hawezi kugeuza kiti. Lakini lililotoka ni moja tu.

“Kwa nini hukutoa jina langu?”

Alikuwa bado amefumba macho.

“Ningetoa jina,” akasema polepole, “wangesema ni kosa ya mjinga fulani. Wangesoma wacheke. Mimi siwezi kufanya makosa kama hiyo, si ndiyo? Wewe ulikuwa nurse mzuri kuliko wote huko Mwingi. Kila mtu alijua. Wakiona ni wewe, wanaogopa. Wanaenda kuuliza.”

“Na hukuweza kuniambia hivyo siku ile?”

“Ulikuwa umeweka chakula yangu juu ya kabati.”

Nilimchukia hapo kuliko siku zote. Miaka yote ile alikuwa nalo neno hilo moja mfukoni, na hakunipa. Nilitaka kumwambia kwamba alinitumia, alinisimamisha njiani kama kibao cha hatari ili wengine wapite salama. Nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti ambayo haifai wodini.

“Ndiyo,” akasema. “Nilikutumia. Pole.”

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema pole kwa mtu. Ilinikera kwamba sikujua pa kuiweka.

Binti akarudi. Alikiinua kichupa kutoka dirishani, akakiinamisha polepole. Damu ikakimbia ukingoni, nyekundu, nyepesi kama chai ya rangi. Haikuwa imeganda hata tone.

“Haijaganda,” akasema. “Sista, tuanze dawa.”

Nilikuwa tayari nimeinuka kuelekea friji. Mzee akafungua jicho moja. Midomo ilikuwa mikavu, na pembeni ya fizi niliona damu kidogo imeanza.

“Nursing. Nani mwingine ameona?”

Binti akacheka kwa mshangao.

“Ai, mzee, hata wewe umesoma ile page? Ni kweli kabisa, inasema tuonyeshe lab kwanza, ni dakika moja.” Akanigeukia. “Kuna page moja Maktaba, sista, ya nurse fulani wa Mwingi. Mwaitu, mama yangu, nikiiona hunishika hapa kifuani. Hiyo makosa siwezi fanya mpaka nikufe. Ulikuwa huko Kitui, si ndiyo? Ulimjua?”

Mkutubi alinitazama. Kisha akageuza uso, akautazama ukuta, akafunga mdomo. Mtu ambaye hakukubali kulitoa jina langu kwa kilio wala kwa barua, sasa alikuwa amelimeza, amelala na sumu mkononi akiningoja.

“Ni mimi,” nikasema.

Nikakichukua kile kichupa cha kioo kutoka mkononi mwa binti, nikavuka ua kwenda kugonga mlango wa maabara.